Si Kila Aliyekufa Ni Jani

Wahenga walinena ya kwamba mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba. Methali hii tumeiandika katika insha zetu hata walimu wetu wameichoka. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuuliza: hao wana wa ndege ni wangapi? Nani amewahesabu? Na kama kuna kiota kimejificha katika kitawi cha ndani kabisa, nani atakikumbuka?

Hesabu hiyo mimi nimeipata mahali pawili ambapo huwezi kudhani ni ndugu: katika somo la Kompyuta, na katika kikao cha ukoo wetu juu ya shamba la marehemu babu. Najua kuna wenzangu wa Chama cha Kiswahili ambao wakisikia neno kompyuta tu husema, "Hiyo si yetu sisi watu wa lugha." Tafadhali usifunge jarida. Hakuna hesabu hapa ngumu kuliko kugawa ugali mezani.

Tuanze na kompyuta. Fungua yoyote pale maabara utaona folda. Ndani ya folda mna faili, na pia mna folda nyingine, na ndani ya hizo mna nyingine tena. Wataalamu huuita mpangilio huu mti. Ila mti wao huchorwa kichwa chini miguu juu: shina liko juu, matawi yanateremka. Umewahi kutafuna muwa? Pale pagumu panapokutana pingili na pingili ni kifundo. Basi katika mti wa kompyuta kila mahali panapoota kitu ni kifundo. Kifundo cha juu kabisa ndicho shina. Kifundo kilicho na vingine chini yake ni tawi. Kisicho na kitu chini yake ni jani.

Siku moja mwalimu wetu alituonyesha folda moja kubwa akauliza, "Humu mna faili ngapi kwa jumla, pamoja na zile zilizo ndani ya ndani?"

"Si tuhesabu tu, Mwalimu," akajibu mmoja wetu, akavamia kompyuta. Akafungua folda ya kwanza, akaingia ya pili, ya tatu. Kufika ya nne alikuwa ameshasahau ametoka wapi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki akaandika mistari michache:

Kuhesabu folda: Hesabu faili zilizomo. Kisha, kwa kila folda iliyomo, fanya hivi hivi. Jumlisha yote. Mrudishie jibu aliyekutuma.

Nguvu yote imo katika maneno mawili: hivi hivi. Kanuni inajiita yenyewe. Mimi sikuridhika, nikainua mkono. "Mwalimu, hiyo si ni kujizungusha? Utaelezaje kuhesabu kwa kusema uhesabu?"

"Swali zuri," akasema. "Lakini angalia. Kila inapojiita, imepewa folda iliyo ndani ya ile ya kwanza, yaani sehemu ndogo zaidi. Mwishowe itafika kwenye folda isiyo na folda ndani yake. Hapo haina wa kumwita. Itahesabu faili zilizopo na kurudi."

Ama kweli, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani! Kanuni inateremka tawi moja hadi jani, inarudi kifundo kilichoituma, inashika tawi la pili, inateremka tena, inarudi. Haba na haba hujaza kibaba: majani yanatoa idadi yao kwa vitawi, vitawi kwa matawi, matawi kwa shina. Shina halihitaji kujua mti una ngazi ngapi. Linahitaji kujua watoto wake tu, na kuwaamini wafanye hivi hivi kwa watoto wao.

Jambo hili si geni. John McCarthy, mtaalamu wa Marekani, alianza kuibuni lugha ya kompyuta iitwayo Lisp mwaka 1958 akiwa chuo cha MIT, na mwaka 1960 akachapisha makala iliyoonyesha jinsi kanuni zinazojiita zinavyoweza kuendeshwa na mashine. Leo tunajifunza mambo hayo hayo kwa Python. Mashine nayo ina kikomo chake. Kila kanuni inapojiita, mashine lazima ikumbuke ilipoachia kazi, kama mtu anayeweka sahani juu ya sahani. Python, ukiiacha ilivyo, hukubali ngazi zipatazo 1000 hivi, kisha hukataa na kutoa ujumbe wa kosa. Afadhali hivyo kuliko sahani zote kuanguka. Na kama mti si mti, yaani folda ya chini inakurudisha kwenye ile ya juu uliyotoka, kanuni itazunguka kama ng'ombe wa kinu mpaka ifike kwenye kikomo hicho.

Mambo mawili zaidi, kisha twende nyumbani. La kwanza: kutembea ni kitu kimoja na kazi inayofanywa ni kitu kingine. Safari ile ile ya kuupitia mti, ukibadilisha kazi, itakupa idadi ya faili, au ukubwa wake, au majina yaliyoandikwa vibaya. La pili: mfuatano una maana. Ukitaka kufuta folda, lazima ufute kwanza vilivyo ndani ndipo ufute yenyewe, yaani watoto kabla ya mzazi. Lakini ukigawa kitu kutoka juu, mzazi hutangulia, ndipo watoto. Yakumbuke hayo mawili.

Sasa nyumbani. Kwetu ni kaunti ya Vihiga, na ukiwa mtu wa Vihiga hakuna haja nikueleze habari ya uhaba wa ardhi. Watu ni wengi, mashamba ni vijisehemu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na bahati ya kuwa na ekari 6. Nyanya alimtangulia mbele ya haki. Babu naye alipofariki mwaka 2021, hakuacha wasia wowote, wala wa maandishi wala wa mdomo.

Watoto wao waliofika utu uzima ni watano. Kifungua mimba ni baba mkubwa. Anayefuata ni shangazi mkubwa, ambaye ameolewa. Wa tatu ni baba yangu. Wa nne ni baba mdogo, aliyefariki kabla ya babu akaacha watoto watatu, ambao wanaishi na mama yao katika nyumba aliyoijenga papo hapo shambani. Wa tano ni shangazi mdogo, naye pia alikufa kabla ya babu. Aliacha watoto wawili. Mmoja yuko hai. Wa pili, binamu yangu wa kike, alifariki vilevile kabla ya babu, akaacha watoto wadogo wawili wanaolelewa na baba yao Mombasa. Isitoshe, alikuwapo mtoto mwingine wa babu, aliyekufa akiwa mchanga bado.

Mimi niliitwa kikaoni likizoni kuwa karani. Ati mwandiko wangu unasomeka na Kiswahili changu hakina makengeza! Nikaketi pembeni na daftari langu. Nilipopewa orodha ya warithi niinakili vizuri, nilikuta majina matatu tu: baba mkubwa, shangazi mkubwa na baba yangu. Hata jina la shangazi liliingia baada ya mvutano mrefu, maana wapo waliosema mwanamke akishaolewa hana lake kwao. Alinyamazishwa nani? Si shangazi! Alisimama akasema, "Mimi nimezaliwa nyumba hii kama ninyi. Katiba ya mwaka 2010 haijui hayo ya kuolewa." Na ni kweli. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kijinsia, na kifungu cha 60 kinataka ubaguzi huo uondolewe katika mila zinazohusu ardhi. Likapita.

Basi kwa orodha hiyo kila mmoja angepata ekari 2. Nikatupa jicho nyuma ya sebule. Watoto wa baba mdogo walikuwa wameketi kwenye benchi karibu na mlango, mkubwa wao ni rika langu kabisa, tumekimbizana katika shamba hilo hilo tangu utotoni. Hakuna aliyesema wafukuzwe, la. Baba mkubwa si mtu mbaya. Alisema, "Hao ni watoto wetu, watakaa tu hapo, hakuna mtu atawasumbua." Lakini kukaa kwa hisani si sawa na kukaa kwako. Leo baba mkubwa ni mpole. Je, kesho wanawe? Yule binamu alikuwa anatazama sakafu.

Mamangu mdogo, mjane wa marehemu, ndiye aliyejikaza kusema. "Na wangu, shemeji?"

Baba mkubwa akakohoa. "Mama, urithi ni wa walio hai. Marehemu hali, hanywi, halimi. Ukimwandikia shamba, nani atakuja kulichukua?"

Kimya kikatanda. Hoja yenyewe ilikuwa na uzito, nao wazee wakatikisa vichwa. Ndipo nilipotambua tatizo liko wapi. Baba mkubwa alikuwa ameupitia mti wa babu, na kila alipofika kwa aliyekufa alipiga mstari akaendelea. Alimchukua kuwa jani. Lakini baba mdogo si jani. Chini yake kuna watatu!

Jamani, nilijua ninachotaka kusema, na nilijua pia kitaniuma wapi. Kwa majina matatu, baba yangu anapata ekari 2. Kwa mti mzima, atapata ekari 1.2. Karo yangu hutoka katika shamba, mahindi yetu na ng'ombe wetu ni hapo. Nani mwenye akili timamu husimama mbele ya wazee kumpunguzia babake ekari karibu nzima? Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama mikono yake, na nikajua na yeye anafikiria jambo lile lile. Nikapiga moyo konde.

"Baba Mkubwa, naomba ruhusa."

"Sema, mwanangu. Lakini usituletee siasa."

Nikachomoa kalenda ya zamani ukutani, nikaigeuza, nikachora mti kichwa chini: babu juu, watoto wake chini, wajukuu chini yao. Nikawaambia tufuate kanuni moja tu kwa kila jina, kuanzia juu. Ukifikiwa na fungu, uliza: mtu huyu yu hai? Kama yu hai, lichukue, ishia hapo. Kama hayu hai, ligawe sawa kwa watoto wake, na kwa kila mtoto fanya hivi hivi.

"Na huyo aliyekufa, unampa vipi?" akauliza mzee mmoja jirani aliyealikwa kuwa shahidi.

"Hapewi, mzee wangu. Fungu linapita kwake tu, kama maji yapitavyo mferejini. Mfereji haunywi maji, lakini ukiuziba, shamba la chini linakauka."

Baba mkubwa akaegemea mbele. "Endelea."

Tukagawa. Ekari 6 kwa watoto watano ni ekari 1.2 kila mmoja. Baba mkubwa yu hai: 1.2, basi. Shangazi mkubwa: 1.2. Baba: 1.2. Kwa baba mdogo fungu lile lile la 1.2 linateremka kwa watoto watatu: 0.4 kila mmoja. Kwa shangazi mdogo 1.2 inateremka kwa wawili: 0.6 kila mmoja. Yule aliye hai anachukua yake. Ya binamu marehemu inateremka tena kwa wanawe wawili wa Mombasa: 0.3 kila mmoja. Jumlisha kutoka chini kwenda juu utapata 6 kamili. Hakuna kilichobaki hewani, hakuna aliyerukwa.

"Hao wa Mombasa?" akashtuka shangazi. "Hata hawatujui hao watoto!"

"Shangazi, kanuni haiulizi kama wanatujua. Inauliza kama ni wetu."

"Na yule mtoto mchanga wa mama?" akauliza baba mkubwa, kwa sauti ya chini. Nadhani hapo alikuwa hanijaribu. Alikuwa amemkumbuka nduguye. "Yeye mbona hukumwekea fungu? Si na yeye amekufa kama hawa?"

Swali hilo ndilo gumu kuliko yote. Kama tungegawa kwa sita, kila fungu lingekuwa ekari 1, na ekari moja ingeteremka kwa mtoto mchanga isipate wa kuichukua. Kwa hivyo kabla ya kugawa, kanuni lazima itume swali chini ya kila tawi: je, kuna yeyote aliye hai huko? Na swali hilo lenyewe hujibiwa kwa njia ile ile. Mtu yu hai? Jibu ni ndiyo. Kama la, waulize wanawe, nao hivi hivi. Tawi likirudisha jibu la ndiyo, linahesabiwa. Likirudisha la, hilo kweli ni jani lililopukutika, na linaachwa kwa heshima zote. Hivyo ndivyo mtoto yule hakupata fungu na baba mdogo akapata, ingawa wote wawili wamelala kaburini. Hatuwezi kumjua jani kwa kumtazama yeye mwenyewe. Tunamjua kwa kutazama chini yake.

Nisije nikadhaniwa nilijitungia sheria. Baada ya siku ile nilisoma Sheria ya Urithi, Sura ya 160 ya Sheria za Kenya, ambayo inapatikana bure katika tovuti ya Kenya Law. Ilipitishwa mwaka 1972 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu cha 38 kinasema marehemu asiye na wasia akiacha watoto bila mke au mume, mali hugawanywa sawa kwa watoto. Hakisemi wavulana, kinasema watoto. Kifungu cha 41 ndicho kilichonifanya niruke kitini: mtoto wa marehemu aliyefariki kabla yake akiacha uzao, uzao huo huchukua, ngazi kwa ngazi, fungu ambalo mzazi wao angepata. Ngazi kwa ngazi! Mawakili waliandika hivi hivi kwa lugha yao. Aliye chini ya miaka 18 fungu lake hushikiliwa kwa amana mpaka atimize umri. Nacho kifungu cha 51 kinataka anayekwenda mahakamani aandike pia majina ya watoto wa kila mtoto aliyefariki. Orodha ya majina matatu haingekuwa orodha kamili.

Lazima niongeze kwamba kanuni hii haiwafuati watu wote. Sheria yenyewe inawaachia Waislamu mirathi yao, ambayo ni elimu kamili yenye mafungu yake. Na rafiki yangu ambaye babu yake alikuwa na wake wawili aliniuliza, "Sasa kwetu je?" Kifungu cha 40 kinaongeza ngazi moja juu: mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huhesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Nyumba yenye watoto wanne na mama yao ni vichwa 5. Yenye watoto wawili na mama yao ni vichwa 3. Basi mali inagawanywa kwa 8. Kazi inayofanywa pale juu imebadilika, lakini safari ya kuteremka ni ile ile.

Yule binamu wa rika langu naye hakukaa kimya. Alisema, "Mbona tusigawe tu kwa vichwa? Tuko tisa wenye haki." Ni kweli, tisa: watatu walio hai, watatu wa baba mdogo, mmoja wa shangazi, na wawili wa Mombasa. Ekari 6 kwa tisa ni kama ekari 0.67 kila mmoja. Hesabu hiyo pia haina kosa, ni kazi nyingine juu ya mti ule ule. Lakini kwa hesabu hiyo, aliyezaa wengi kisha akafa angewazidi ndugu zake walio hai kwa sababu ya wingi wa wanawe. Sheria imechagua kuyapa matawi usawa, si majani. Binamu alikunja uso kidogo, akakubali. Na mimi, je? Nilipata nini? Sufuri. Baba yangu yu hai, kanuni inaishia kwake. Namshukuru Mungu kwa sufuri hiyo.

Kikao cha siku ile hakikumaliza mambo, kwani ardhi haimalizwi kwa kalenda moja. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nimesomesha mtoto aje aninyang'anye ekari hadharani!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilifungua mlango. Usiku huo aliniambia maneno machache tu: "Kama ni mimi ningetangulia, ningetaka mtu achore mti ule." Katika kikao cha tatu majina yote tisa yaliandikwa, na baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyepiga simu Mombasa kuuliza majina kamili ya wale watoto na tarehe zao za kuzaliwa.

Msinielewe vibaya, kanuni haiongezi shamba. Ukigawa 0.4 kwa watoto watatu ni kama 0.13, na ngazi moja tena unabaki na mahali pa kupanda sukumawiki tu. Katiba, katika kifungu cha 68, inalitaka Bunge litunge sheria ya ukubwa wa chini na wa juu wa ardhi mtu anayoweza kumiliki, na sababu zake ni dhahiri kwa mtu wa kwetu. Watoto wa baba mdogo wamekubaliana kutokata fungu lao: ekari 1.2 zitabaki shamba moja kwa majina matatu. Kujua haki yako ni nani na kuamua uifanyie nini ni mambo mawili. Ila la pili huwezi kuliamua kama la kwanza limekupita.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajivunia lugha yenye majina ya ngazi hizi: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, na wengine huongeza kilembwekeza. Baada ya hapo maneno yanatuishia. Kanuni ya mwalimu wetu haikuhitaji hata moja kati ya majina hayo, maana ilijua neno mwana tu, na ilijua kulirudia mpaka chini kabisa.

Likizo ijayo, mwanafunzi mwenzangu, chukua karatasi uketi na nyanya au babu yako wangali hai, uchore mti wa kwenu. Andika kila jina wanalolitaja. Ukifika kwa aliyekufa, usipige mstari upesi upesi. Teremsha kalamu, uulize kwa adabu: "Huyu aliacha nani?" Na hao nao, fanya hivi hivi.